Mutuulize ya kweli, tutawajibu ya kweli

Kwa vijana wenye diploma na bila kazi: wa Beni, wa Butembo, wa Oicha, wa Bunia, na wa kila muji wa inchi yetu.



Nyuma ya mulango wa karibu kila ofisi yenye kuita vijana ku interviu, kuko maulizo yenye kufanana. «Utupe mufano wa siku yenye ulikosana na mwenzako wa kazi. Ulifanya nini?» «Utuelezee wakati wenye uliongoza wengine.» «Ni jambo gani lilikushinda, na ulijifunza nini?» Hayo njo maulizo ya mwenendo. Hawakuulizi unajua nini. Wanakuuliza ulikwisha kufanya nini.

Na mu telefone za vijana wetu majibu ya hayo maulizo inatembea: ile karatasi ya «majibu ya interviu» yenye inapitaka toka kikundi kimoja cha WhatsApp mupaka kingine, bila jina la mutu mwenye aliiandika. Wengi wanaishika kwa kichwa sawa vile mutoto anashika sala. Siku ya interviu, vijana kumi wanaingia mumoja mumoja, na wote kumi wanasema kasoro yao ni kupenda kazi kupita kiasi. Wote kumi waliongoza «kikundi cha watu wa tabia mbalimbali». Wote kumi walipatanisha wafanyakazi wawili wenye hawana majina, mu kazi yenye haina fasi.

Leo tunasema: inatosha. Hatutaki tena vijana wajibu kwa uongo, na hatutaki tena wakubwa waulize kwa uongo. Hiyo yote ni ugonjwa moja, na wenye kuumia ni sisi.

Haya maulizo ilitoka wapi?

Mu wakati wa vita ya pili ya dunia, mutaalamu wa Marekani John Flanagan alifanya kazi na jeshi la anga la inchi yake. Walitaka kujua ju ya nini rubani mumoja anafaulu na mwingine anashindwa. Ukiuliza watu «rubani muzuri iko namna gani?», kila mutu atakutolea maneno matamu. Basi yeye aliomba watu waeleze tukio: siku fulani, mutu alifanya nini, na kisha ilitokea nini. Aliandika juu ya ile njia mu 1954. Mu 1982, mwingine, Tom Janz, alionyesha kama interviu yenye kuuliza matendo ya zamani inasaidia kujua kazi ya kesho kuliko mazungumuzo ya kawaida.

Mu 1998, Frank Schmidt na John Hunter walikusanya uchunguzi wa miaka 85. Tuchukue kipimo chenye 0 ni bahati tu, na 1 ni kujua kabisa mutu atafanya kazi namna gani. Interviu yenye kupangwa, yenye kila mutu anaulizwa maulizo moja na kupewa pointi kwa kanuni moja, ilipata 0,51. Miaka ya eksperiansi ilipata 0,18. Mu 2022, Paul Sackett na wenzake walirudilia ile hesabu na wakaishusha: interviu yenye kupangwa ikakuwa 0,42, lakini mu ile hesabu mupya ikakuwa juu ya njia zingine zote. Miaka ya eksperiansi ikaanguka chini zaidi.

Musome tena hizo namba pole pole. Tangazo kwa tangazo, wanaandika «miaka mitano ya eksperiansi». Wanatufungia mulango kwa kitu chenye, kwa hesabu za wataalamu wenyewe, kinasema kidogo sana juu ya kazi ya mutu. Na kile chenye kinasema zaidi, interviu yenye kupangwa vizuri, mara mingi njo wanaifanya mbio mbio, na jina la mwenye kuchaguliwa liko tayari mu droo tangu jana.

Tuseme ukweli wote: mu ile hesabu ya 1998, hata miaka ya masomo ilipata pointi kidogo, 0,10. Ile diploma yenye wazazi walilipia kwa kakao, kwa kahawa, kwa kuuza mbuzi, haiwezi kuongea kwa fasi yetu. Tunapaswa kuongea sisi wenyewe.

Mifano tuko nayo

Kijana mwenye hajapata hata mushahara mumoja anatuambiaka: «Mimi sina mufano wa kutoa.» Si kweli. Ulizo ni juu ya mwenendo, na mwenendo haungojei kontra ya kazi.

Mutu mwenye amemaliza masomo ku Beni mu hii miaka alisoma wakati barabara ilikuwa inafungwa, wakati watu walikuwa wanakimbia Oicha na Mbau usiku. Jimbo letu liliwekwa chini ya uongozi wa wanajeshi tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, na yeye akaandika kazi yake ya mwisho na umeme wa saa mbili kwa siku. Alipokea jamaa ya wakimbizi mu nyumba ya vyumba viwili na akapanga nani analala wapi. Alichunga kibanda cha mujomba cha kutuma franga kwa telefone, na magaribi hesabu ilikuwa inalingana. Alikuwa muwakilishi wa wanafunzi, na alienda kuongea na profesa mwenye hakuna mutu alitaka kumukaribia. Alipanga matanga ya watu mia mbili na franga za watu hamsini. Hiyo yote ni kazi. Yenye kukosa ni namna ya kuieleza.

Tuchukue mufano. Ulizo: «Uliamua jambo gumu wakati gani?» Jibu la karatasi: «Mimi ni mutu mwenye kujua kuamua, ninafanya kazi vizuri chini ya presha.» Hilo haliko jibu, ni sifa. Sasa tuseme dada mumoja alikuwa anachunga franga za likelemba. Anaweza kujibu hivi:

«Tulikuwa watu 12, kila mutu dola 5 kwa juma. Mimi njo nilikuwa ninashika franga. Mu juma la nne, mumoja mwenye alikwisha kupokea zamu yake aliacha kulipa. Wawili kati yetu walitaka twende kubeba telefone yake kwa nguvu. Nilikataa. Nilienda kwake peke yangu, nikakuta mutoto wake analala mu hospitali. Nikaomba kikundi kimupe majuma matatu, na kila mutu akatia sahihi mu kaye. Alikawia kuliko hapo, alilipa kisha majuma matano. Wale wenye zamu yao ilianguka mu yale majuma walipokea dola 55, na mimi nikawarudishia 5 zao siku alilipa. Zunguko likaisha bila mutu kupoteza. Zunguko lenye kufuata, tuliandika kanuni ya kuchelewa mbele ya kuanza.»

Hakuna neno kubwa hata moja. Lakini ndani muko kuchunga franga, kutuliza ugomvi, kusikiliza, kuandika, kurekebisha. Wakimuuliza «ju ya nini hukukubali wachukue ile telefone?», hataogopa, ju ile siku aliiishi. Mwenye kushika karatasi kwa kichwa, ulizo la pili njo linamuua.

Namna ya kujitayarisha

Kila jibu likuwe na vitu vinne: hali ilikuwa namna gani, kazi yako ilikuwa nini, ulifanya nini, na ilizaa nini. Wamarekani wanaita hii njia STAR. Umoja wa Mataifa nao unashauri watafuta kazi wafuate njia ya kufanana: hali, tendo, tokeo. Haiko siri ya mutu. Hakuna sababu ya kununua karatasi.

Usitayarishe majibu 50. Tayarisha mifano sita ao saba ya maisha yako, kila mumoja ku ukurasa wake mu kaye. Mufano mumoja unaweza kujibu maulizo matatu: ule wa likelemba unajibu ugomvi, unajibu franga, unajibu kuamua.

Soma tangazo na kalamu mu mukono. Kila sifa yenye wanaomba, piga mustari chini yake, na uandike pembeni ni mufano gani utaibeba. Sifa yenye haina mufano, tafuta zaidi mu maisha yako mbele ya kusema hauna.

Sema «mimi». Kwetu tunafunzwa kusema «sisi», ju kujisifu mbele ya wakubwa ni haya. Na hii barua yetu yote inasema «sisi», ni vizuri, ju ni ya wote. Lakini mu interviu, ukisema «tulipanga, tulienda, tulifaulu», wenye kuuliza hawajui kama wewe ulibeba jiwe ao uliangalia wengine wakibeba. Kusema sehemu yako bila kuiongeza, hiyo haiko kujisifu.

Toa siku, fasi na namba. «Watu wengi» haisemi kitu. «Jamaa 14, mu siku mbili» inasema.

Ku ulizo la kushindwa, peleka jambo la kweli lenye lilishindikana, na utumie wakati mingi kueleza namna ulirekebisha. Usipeleke sifa yenye kuvalishwa nguo ya kasoro.

Sema kwa sauti, mupaka dakika mbili, mbele ya mutu mwingine. Na kama interviu ni kwa Kifaransa, fanya zoezi kwa Kifaransa. Ile mifano tuliiishi kwa Kiswahili na kwa Kinande, na kijana mwenye akili anaweza kukwama, si ju hana jibu, lakini ju haijawahi kulitoa mu ile luga.

Tena, waambie watu wenye wako mu mifano yako. Kama wakubwa wanapiga telefone kwa mwenyekiti wa likelemba, asishangae.

Kwa wenye kusema «ni bure»

Tunawasikia. «Kazi ni ya wenye kuwa na mutu ndani. Munafundisha vijana kuongea, na nafasi ilikwisha kuuzwa.» Tunajua. Tunajua ile mambo ya «retour», kazi yenye unapewa kisha kila mwisho wa mwezi unarudisha sehemu ya mushahara kwa mwenye alikuingiza. Tunajua kama nafasi zenyewe zinapungua: Marekani ilifunga USAID mu 2025, na kijana mwenye ametoka masomo anapanga mustari moja na mutu mwenye alifanya miaka kumi mu ONG na kupoteza kazi.

Lakini mufikiri. Vijana kumi wakikariri karatasi moja, pointi zao zitakuwa sawa. Pointi zikiwa sawa, nani anachaguliwa? Mwenye kuwa na mutu ndani. Na ukienda kuuliza, watakuambia: «Wote walikuwa sawa, ilitupasa kuchagua mumoja.» Ule uongo wetu wa kufanana njo blanketi lenye mupendelewa anajifunika.

Sasa vijana wanne kati ya kumi wakitoa mifano ya kweli, yenye siku na fasi na mashahidi, mukubwa mwenye kutaka kuweka mutoto wa ndugu yake anapaswa kuandika pointi za uongo kwa mukono wake, mbele ya wenzake wawili wenye walisikia. Uongo wenye kuandikwa unaacha alama. Unaweza kuuliziwa. Njo maana tunasema kujitayarisha kwa ukweli haiko mambo ya mutu mumoja mwenye kutafuta mushahara. Ni kazi ya raia.

Sasa wakubwa, ni zamu yenu

Muko na haki ya kutuuliza matendo yetu ya zamani. Sisi pia tuko na haki ya kuwauliza yenu. Hali, kazi, tendo, tokeo. Na mutoe siku na fasi.

Mutupe mufano wa tangazo lenye mulibandika bila kujua tayari jina la mwenye ataingia.

Mutuelezee siku yenye ndugu yenu aliomba nafasi, na mukamuambia apite ku interviu sawa wengine, na akashindwa, na mukaacha ikuwe hivyo.

Mutuelezee interviu yenye musichana alitoka bila kuulizwa kama ameolewa, ao kama anafikiria kuzaa mwaka huu. Ndugu yake mwanaume hamumuulizi vile.

Mutupe mufano wa mukubwa mwenye aliomba namba ya telefone ya musichana «kwa mambo ya dosye» na mukamufukuza.

Hili la mwisho, ku Beni hatuliulizi kwa kucheka. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa 8, 2018 mupaka mwezi wa 6, 2020, kazi zilikuwa mingi kwa mara ya kwanza, na wanawake walisema kama waliombwa mwili ili wapate kazi. Tume yenye OMS yenyewe iliweka ilitoa ripoti tarehe 28 mwezi wa 9, 2021: watu 83 wenye kushukiwa, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Kila dada mwenye anaingia mu ofisi na kaye yake anajua ile habari. Maulizo ya mwenendo hayana maana kama mwenye kuuliza njo mwenye mwenendo mubaya.

Sheria ziko. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani, na hakuna mutu atazulumiwa mu kazi ju ya asili yake, ju ni mwanamuke ao mwanaume, ju ya mawazo, imani ao hali yake ya maisha. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 juu ya jeuri ya ngono inahesabu pia kuwa kosa kusumbua mutu kwa mambo ya ngono kwa kutumia mamlaka. Basi hatuombi zawadi.

Tunaomba hivi:

1. Kila mutu mwenye kuitwa kwa nafasi moja aulizwe maulizo moja, na pointi ziandikwe mbele ya mutu mwingine kuingia.

2. Wenye kuuliza wakuwe watatu ao zaidi, na mwanamuke akuwe kati yao. Musichana asiitwe ku interviu mu hoteli, mu nyumba ya mutu, wala kisha saa za kazi.

3. Kwa nafasi za kuanza kazi, muondoe «miaka mitano ya eksperiansi». Muulize mifano, na mukubali mifano ya nje ya mushahara.

4. Mutu mwenye hakuchaguliwa apewe jibu, na akiomba pointi zake, aonyeshwe.

5. ONEM, yenye ilianzishwa mu 2002 kwa mambo ya kazi, itoke mu ofisi na ije kuangalia namna interviu zinafanywa mu miji yetu.

Yenye kubakia kwetu

Wewe mwenye unasoma, usingojee watujibu. Siku ya posho, mukusanyike wanne ao watano, mu kiwanja cha mutu, ku Mulekera, ku Bungulu, ku Kimemi, ku Vulamba, popote. Kila mutu na kaye yake. Mumoja anajibu dakika mbili, wengine wanauliza: siku gani? wewe ulifanya nini? nani anaweza kushuhudia? Mwenye kusema maneno ya karatasi, mumusimamishe na mumuombe aanze tena na maisha yake.

Dada, ukitoka ku interviu, andika palepale saa, fasi, na kila ulizo lenye halikuhusu kazi. Haikupasi kubeba hiyo peke yako. Utuletee, tutaenda pamoja.

Na ninyi wakubwa, mutatuona. Tutakuja kuomba pointi zetu kwa adabu, kwa barua, na kopi yenye muhuri ya kupokelewa. Ofisi yenye itakataa, tutarudi juma lenye kufuata na barua ileile, na majina mengi zaidi chini yake.

Sisi, vijana raia wa Beni na Butembo